Msikiti Una Wenyewe: Wito kwa Wasafiri wa Ufuko wa Mweru

Ndugu zangu wa Nchelenge na Kashikishi, wa Puta, wa visiwa vya Kilwa na Chisenga, nanyi mlio ng'ambo kule Pweto: kila mwaka Desemba ikiingia na uvuvi ukafungwa hadi mwisho wa Februari, watu wa ziwa hutawanyika. Waliobakiwa na akiba ya samaki, chisense na pale, hufunga safari za biashara. Wanapitia Kasama hadi Nakonde, wanavuka Tunduma, wanateremka Dar es Salaam kununua nguo, vyombo na simu za Kariakoo. Mzigo ukiwa unangoja lori, wapo wanaopanda boti wakaenda Unguja kutembea siku moja mbili. Wapo wenye jamaa Kampala. Wapo wenye ndugu wanaofanya kazi nchi za Ghuba, na siku moja watapelekewa tiketi ya ndege.

Kote huko mtakutana na misikiti mikubwa. Na kwa ninavyotujua, wengi wetu tutafanya moja kati ya mambo mawili: tutaipita mbali kwa woga, au tutajitoma ndani na simu mkononi kana kwamba tumeingia stendi ya mabasi.

Nawaombeni tusifanye lolote kati ya hayo. Nawaombeni tuingie. Tuingie kwa ruhusa, kwa saa inayofaa, kwa mavazi yanayostahili, tukijua tumo katika nyumba yenye wenyewe. Mimi nimelelewa kanisani, na nasema haya kwa moyo wangu wote: mtu wa Mweru aliyefika pwani akarudi bila kuvua viatu mlangoni pa msikiti na kukaribishwa, ameacha nyuma sehemu ya historia yake mwenyewe.

Najua woga unatoka wapi. Katiba yetu ya Zambia inalitaja taifa hili kuwa la Kikristo. Waislamu wa Luapula ni wachache, na mahali wanapokutana kusali ni padogo, hapajulikani hata na jirani wa mtaa wa tatu. Wengi wetu tumeanza kuona mnara wa msikiti tulipofika Chipata au Lusaka, tena kupitia dirisha la basi. Kwa hiyo mtu akisimama mbele ya lango la msikiti mkubwa, anajiuliza mambo mawili kimoyomoyo: je, watanifukuza? Na kama hawatanifukuza, je, kuingia kwangu hakutakuwa kuikana imani yangu?

La kwanza lina jibu la wanazuoni wenyewe. Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki wanafuata madhehebu ya Shafi'i, na katika madhehebu hayo asiye Mwislamu huruhusiwa kuingia msikitini akipewa idhini na Mwislamu, isipokuwa ule Msikiti Mtakatifu wa Makka. Madhehebu ya Maliki, yaliyoenea Afrika ya kaskazini na magharibi, ni makali zaidi katika jambo hili. Kwa hiyo msishangae mkiambiwa kwamba msikiti huu unawapokea wageni na ule hauwapokei. Kila jamaa ya msikiti ina haki ya kuamua, na anayeambiwa "hapana" hajatukanwa. Ashukuru, aende zake. Mji Mkongwe wa Unguja una misikiti mingi, karibu hamsini, na mingi kati yake ni midogo ya mtaa ambayo haipokei watalii kabisa. Hiyo ni haki yao, kama vile sisi tusivyopenda mtu asiyetujua aingie katikati ya ibada akipiga picha waliopiga magoti.

La pili nalijibu kwa kisa ambacho Waislamu wenyewe wanakisimulia katika sira ya Mtume Muhammad. Ujumbe wa Wakristo kutoka Najran, kusini mwa Arabuni, ulimfikia Madina. Wakapokewa msikitini. Saa yao ya sala ilipofika, wakasimama humo humo wakasali wakielekea mashariki, na Mtume akaamuru waachwe. Ibn Ishaq, mwandishi wa kale wa sira, ameipokea habari hiyo. Wakristo wale waliingia wakiwa Wakristo na wakaondoka wakiwa Wakristo. Mgeni anayeingia kwa heshima haombwi kuacha kitu chochote mlangoni ila viatu.

Na kuingia kwa heshima si somo geni kwetu. Kila mwaka mwishoni mwa Julai tunakwenda Mwansabombwe kwenye Mutomboko. Pale hakuna anayemwendea Mwata Kazembe akiwa amesimama wima, mkono mfukoni, akimwita jina. Mtu hupiga magoti, hupiga makofi kwa namna inayojulikana, husubiri kuambiwa asogee, na hata wakubwa kutoka Lusaka huelekezwa wapi wakae. Mgeni akikosea tunamrekebisha kwa upole, lakini akidharau tunaumia. Yule anayeyajua ya Mwansabombwe ana adabu yote anayoihitaji kwa msikiti wa Muscat. Kilichobaki ni kujua taratibu zenyewe.

Lakini kabla ya taratibu, kuna jambo zito ambalo sitaki tulipite kimya. Mzee wa ziwa hili akisikia habari za pwani na misikiti, mara nyingi hukumbuka pembe na minyororo. Kumbukumbu hiyo ni ya kweli. Livingstone alipofika Mweru mwezi Novemba 1867, na baadaye mwezi huo huo kwa Mwata Kazembe, alimkuta huko mfanyabiashara wa pwani aitwaye Muhammad bin Salih aliyekwisha kukaa miaka mingi katika himaya ya Mwata bila kuruhusiwa kuondoka. Mwaka huo huo, mashariki ya ziwa katika nchi ya Itabwa, Tippu Tip, naye mfanyabiashara wa pwani, alipigana na chifu Nsama akamshinda na kujichukulia pembe nyingi. Mwenyewe ameyaeleza maisha yake kwa Kiswahili, kitabuni, chini ya jina lake la Hamed bin Muhammed el Murjebi. Misafara iliyotoka huku, mingine ilipitia Ujiji na Tabora ikashukia Bagamoyo. Mingine ilizunguka Ziwa Nyasa ikafikia Kilwa Kivinje, bandari iliyosafirisha watumwa wengi kuliko nyingine nyingi za pwani hiyo katika karne ya 19. Babu za baadhi yetu walikwenda na hawakurudi.

Kwa hiyo mtu wa Mweru anapokanyaga Unguja, si mtalii kama mtalii wa kutoka Ulaya. Anarudia njia iliyopitwa na watu wake kwa miguu. Nawashauri mfike Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Waanglikana, lililoanza kujengwa mwaka 1873 mahali pa soko la watumwa, mwaka ule ule Sultan Barghash alipotia sahihi mkataba wa kulifunga. Ndani ya kanisa hilo upo msalaba wa mbao unaosemekana ulitengenezwa kwa mti wa kijijini kwa Chitambo, hapa hapa Zambia, mti ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake. Simameni hapo kwa muda mnaoutaka. Kisha tembeeni dakika chache kwenye vichochoro vya mji, hadi Malindi, mkautazame ule mnara wa msikiti wenye umbo la pia, wa aina isiyoonekana mara nyingi Afrika Mashariki. Yote mawili ni ya safari moja. Anayeona Mkunazini pekee atarudi na hasira isiyojua pa kwenda; anayeona minara pekee atarudi na picha nzuri na uongo ndani yake.

Na ninaomba sana: yule mzee anayefagia mkeka mlangoni, au kijana anayeweka viatu vya watu kwenye rafu, si mtu wa kumhukumu kwa ya karne ya 19. Pengine babu yake naye aliletwa pwani kwa msafara huo huo. Kariakoo, hatua chache kutoka mnakonunua bidhaa zenu, upo Msikiti wa Manyema. Wamanyema waliuita hivyo kwa kuwa wao ndio wenyewe: wazao wa watu waliotoka mashariki ya Kongo, ng'ambo ya ziwa letu na mbele zaidi, walioshuka pwani zama za misafara, wakasilimu, wakajenga mji. Ukiupita msikiti huo na gunia la vitenge begani, mpe mtu salamu. Huenda unamsalimia ndugu wa mbali.

Sasa niwaelekeze niliyo na hakika nayo.

Kampala, juu ya kilima cha Old Kampala, upo Msikiti wa Taifa wa Uganda, ambao watu wengi bado wanauita Msikiti wa Gaddafi. Wazo la kuujenga ni la zama za Idi Amin, miaka ya 1970. Kazi ikakwama muda mrefu, hadi Libya ya Muammar Gaddafi ilipotoa fedha, na msikiti ukafunguliwa rasmi mwaka 2007. Kwa mgeni asiye Mwislamu, sijui mahali pengine Afrika Mashariki palipopangwa vizuri hivi. Unafika ofisi ya wageni, unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji anayejua anachosema. Mwanamke asiyevaa vya kumtosha huazimwa vazi na mtandio. Unavua viatu, unaingia ukumbini, unaelezwa mihrabu ni nini na mimbari ni ya nini, halafu unapandishwa mnara kwa ngazi nyingi zinazozunguka mpaka magoti yakuume. Kutoka juu unaona kilima cha Namirembe na kanisa kuu la Waanglikana, kilima cha Rubaga na kanisa kuu la Wakatoliki, na kilima cha Kibuli na msikiti wake wa zamani. Nyumba zote hizo zinatazamana, kila moja juu ya kilima chake. Ningependa kila kiongozi wa dini wa Luapula apande ngazi zile mara moja maishani mwake.

Muscat nako, wale mtakaojaliwa kufika Oman, upo Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001. Wasio Waislamu hupokewa asubuhi, kwa kawaida saa mbili hadi saa tano, isipokuwa Ijumaa. Wanawake hutakiwa kufunika nywele, mikono hadi viganjani na miguu hadi vifundoni. Wanaume suruali ndefu. Zulia la ukumbi mkubwa, lililofumwa Iran, limetandazwa kwenye zaidi ya mita za mraba 4,000 na lilichukua miaka kadhaa ya kazi ya mikono ya mamia ya wanawake. Wageni hupitishwa kwenye njia maalumu iliyowekwa juu yake ili nyayo zao zisilichakaze, na wengi hawaoni kwa nini walinzi wanalisisitiza hilo. Linasisitizwa kwa sababu hapo ndipo watu wanapoweka paji la uso. Msishangae, tena, mkimsikia mlinzi au mwongozaji akiwajibu kwa Kiswahili: Muscat ina maelfu ya familia zilizotoka Zanzibar na bara, na lugha yetu ingali hai majumbani mwao. Salamu moja ya "hamjambo" inaweza kuwafungulia mazungumzo ambayo mtalii mwingine hayapati.

Dar es Salaam, Kinondoni, kwenye makao makuu ya BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, umejengwa msikiti mkubwa uliopewa jina la Mfalme Mohammed VI wa Moroko, ambaye aliweka jiwe la msingi alipozuru Tanzania mwaka 2016. Kabla ya kwenda, ulizeni ofisini.

Lakini kama nauli na siku zinawatosha kwa mahali pamoja tu, mimi ningewatuma kusini ya Unguja, Kizimkazi Dimbani. Msikiti wa huko haumvutii mtu kwa mbali. Umeezekwa mabati kama nyumba zetu za Kashikishi, na wasafiri wengi wanaokwenda kutazama pomboo baharini hawageuzi hata shingo. Mtafuteni mwenye ufunguo, ombeni, vueni viatu. Ndani, kuizunguka mihrabu, yamechongwa maandishi ya Kikufi katika mawe ya matumbawe, na yanataja mwaka wa 500 Hijria, yaani 1107. Jengo lenyewe lilikuja kujengwa upya karne ya 18, ila ukuta wa kibla, ule unaoelekea Makka, umeyahifadhi maandishi yale. Fikirini: zaidi ya miaka mia tisa watu wamekuwa wakiinama mbele ya ukuta ule. Hakuna taa ya kioo wala zulia la Iran linaloweza kusema hivyo.

Na kuna Kilwa. Sisi tuna Kilwa yetu hapa ziwani, kisiwa cha Zambia, na ng'ambo yake mji wa Kilwa wa Kongo. Watu wa huku wanapolisikia jina hilo hawawazi zaidi ya chombo cha samaki. Kilwa Kisiwani, kusini mwa Tanzania, ina magofu ya msikiti mkuu ulioanza kujengwa karne ya 11 au 12 na kupanuliwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ukapewa nguzo za mawe na paa la kuba nyingi. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alifika mji huo mwaka 1331. Dhahabu iliyotoka bara, upande wa Sofala na Zimbabwe, ndiyo iliyolipa mafundi. Wareno waliuteka mji mwaka 1505, na UNESCO iliyaingiza magofu hayo katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Kibali hupatikana Kilwa Masoko, kisha unavuka kwa mashua. Msikiti huo hauna tena swala za kila siku, na hapo ndipo adabu ya mgeni hupimwa kweli, kwa kuwa hakuna imamu wa kukutazama. Usipande juu ya mihrabu kupiga picha. Usichonge jina lako. Bara ndilo lililoijenga Kilwa kwa jasho na mali yake. Anayeharibu jiwe la pale anaharibu na sehemu yetu.

Niseme sasa juu ya simu, maana hapo ndipo tunapokosea zaidi. Mtu anayesali si sehemu ya mandhari. Msipige picha ya mtu aliyesujudu, wala ya mama anayetawadha, wala ya watoto wa madrasa, hata kama mwongozaji amenyamaza. Kunyamaza kwake si ruhusa ya yule mtu. Ombeni, na mkiombwa kuifuta picha, ifuteni mbele yake bila ubishi. Zimeni mlio wa simu kabla ya kuvuka kizingiti. Msipite mbele ya mtu aliye katika swala. Zungukeni nyuma yake, hata kama njia ni ndefu. Msiuguse Msahafu kwa udadisi. Msile wala msinywe uani mchana wa Ramadhani. Sauti zenu ziwe chini. Mkisikia adhana mkiwa ndani, mwulizeni mwenyeji kama mtoke au mkae nyuma. Wengine watawakaribisha mkae, wengine watawaomba mtoke, na yote mawili ni sawa. Ijumaa mchana msiende kutalii kabisa.

Kuhusu mavazi, mama zangu wa Luapula, ninyi mna nafasi nzuri kuliko mtalii yeyote anayeshuka uwanja wa ndege na kaptura. Kitenge mnachojifunga kila siku kinafika vifundoni. Cha pili mkikiweka kichwani na mabegani, mmemaliza. Zanzibar imekuwa na malalamiko ya miaka mingi juu ya wageni wanaotembea mjini nusu uchi, hata mwaka 2021 serikali ikatangaza faini kwa jambo hilo. Hakuna sababu mtu wa kwetu ahesabiwe miongoni mwao. Kinababa na vijana, suruali ndefu na shati lenye mikono. Soksi safi, kwa kuwa mtavua viatu mbele za watu. Jambo moja la kuwaandaa kinamama: misikiti mingine ya pwani ina sehemu ya wanawake, mingine haina kabisa. Mkiambiwa hivyo mlangoni, wanaume mlioongozana nao wasiingie na kuwaacha juani kama mizigo. Ama mkae barazani pamoja mkaongee na wenyeji, ama mpokezane.

Na jihadharini na wale vijana wanaowadaka watu bandarini wakiahidi kuwapenyeza msikitini usio wa wageni kwa pesa kidogo. Nyumba ya ibada haiingiwi kwa kupenyezwa. Mkitaka kutoa kitu, ulizeni lilipo sanduku la msikiti, mtie humo.

Sitaki wito huu uishie pwani. Mwaka 2017 na 2018 ndugu wengi kutoka majimbo ya Kongo ya Haut-Katanga na Tanganyika walivuka kwa kukimbia vita, wakapokelewa Kenani, kisha Mantapala, hapa hapa wilayani Nchelenge. Kiswahili kinachosikika sokoni leo kimeongezwa nguvu na wao. Wengi ni Wakristo kama sisi, lakini wapo Waislamu, na Waislamu wengine walikuwa hapa tangu zamani: wafanyabiashara, wenye maduka, walioolewa na kuoa kwetu. Tutakwenda kilomita zaidi ya elfu moja kustaajabia mnara wa Kampala, huku hatujawahi kumuuliza jirani anasalia wapi? Kabla ya Desemba, muulizeni. Mwombeni awapeleke siku moja isiyo ya Ijumaa, kwa saa anayoitaja yeye. Kama mahali pao ni chumba kimoja chenye mkeka na mshale wa kibla ukutani, vueni viatu vivyo hivyo kama ambavyo mngevua Muscat.

Nanyi wazee wa Kiislamu wa ufuko huu, naomba kwenu pia, kwa heshima yote. Najua mmezoea kutojitangaza, na najua sababu. Lakini ubao mdogo wenye saa za swala na jina la mtu wa kuuliza ungeondoa woga mwingi. Vitenge vitatu vinne vilivyofuliwa, vikitundikwa mlangoni, vingemwezesha mwalimu kuleta darasa lake la historia bila wazazi kuhangaika. Chagueni mwanamume mmoja na mwanamke mmoja wa kupokea wageni na kujibu maswali, hata yale ya utumwa, hasa yale ya utumwa, bila kukasirika. Kila mwenyeji huanza kwa kuamua tu kwamba wageni watapokewa.

Walimu wa Nchelenge, mapadre, wachungaji: mnaweza kuwatangulia watu wenu. Mkristo wa Mbereshi anayejivunia kanisa lake la zamani la matofali anaelewa kwa nini mwingine anautunza ukuta wa mwaka 1107. Mpeni nafasi ya kulisema hilo kwa sauti.

Nanyi wasafiri, mkirudi Machi nyavu zikishuka tena majini, msiishie kuonyesha bei mlizopata Kariakoo. Picha mlizoruhusiwa kupiga zipelekeni shuleni. Simulieni barazani, kanisani na sokoni mlivyopokewa, nani aliwafungulia, mliuliza nini na mlijibiwa nini. Palipo na mlango mliokataliwa, lisemeni hilo pia bila kinyongo, ili wa mwaka ujao wajue pa kuanzia. Watajieni watoto majina haya mpaka wayashike: Kizimkazi, Kilwa Kisiwani, Mkunazini, Manyema. Kisha mwombeni mwalimu wa jiografia awaonyeshe kwenye ramani njia inayotoka kila mahali hapo mpaka hapa ziwani.